Karatasi ya kutembea, bugali ya jioni: historia ya mpaka na chakula kaskazini mwa Tanganyika

UVIRA – Asubuhi na mapema, kabla kizuizi cha Kavimvira hakijafunguliwa, akina mama huwa wamekwisha kujipanga. Huyu ana beseni kichwani, yule ana mtoto mgongoni na mfuko mtupu mkononi, mwingine anahesabu franga za Burundi alizobadilisha jana jioni. Mbele yao ni Gatumba, na mbele ya Gatumba ni Bujumbura, mwendo wa karibu kilometa 30 kutoka Uvira. Wanakwenda kununua maharagi, vitunguu na matomati, au kuuza vitenge na mawese. Jioni wanarudi, na faida ndogo iliyobaki ndiyo inayonunua unga wa mihogo na ndakala za nyumbani.

Hakuna hata mmoja kati yao anayejiita mhamiaji. Kwa sheria, hata hivyo, kila mmoja anatoka nchi moja na kuingia nchi nyingine, na ni lazima awe na karatasi: kadi ya mpigakura, kijikaratasi cha siku moja ambacho watu wa mpakani hukiita jeto, au kitambulisho kingine. Karatasi ikikubaliwa, bugali inapikwa. Ikikataliwa, au mpaka ukifungwa, habari hiyo haichelewi kufika katika masoko ya Uvira: vitunguu vinapungua mezani, na bei ya vilivyobaki inapanda.

Jambo hili halikuanza leo. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wa pande hizi, kuanzia milima ya Mulenge mpaka bonde la Ruzizi, na kuanzia Uvira na Fizi mpaka Kigoma na Bujumbura, wameishi chini ya sheria zinazosema nani atembee na aishie wapi. Karibu kila mara sheria hizo zimetolewa kwa jina la usalama, na karibu kila mara zimefika jikoni kwanza. Historia hiyo inafaa ikumbukwe, kwa sababu familia nyingi za Uvira leo zina mtu kambini, mtu ng'ambo ya mto, au mtu aliyerudi akiwa mikono mitupu.

Mto uliokuwa njia ya soko

Zamani Ruzizi na ziwa Tanganyika havikuwa ukuta. Chumvi ya Uvinza, katika Tanzania ya leo, ilivuka ziwa kwa mitumbwi. Samaki wakavu walipanda milimani, ng'ombe wakashuka bondeni, mawese yakaenda upande wowote wenye mnunuzi. Njaa ilipoingia upande mmoja, watu walitafuta chakula upande mwingine, kwa ndugu, kwa rafiki au kwa kubadilishana vitu.

Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walishika mashariki ya ziwa, na Kongo ya mfalme Leopold II ikashika magharibi. Mwaka 1910, mjini Brussels, Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu ya mipaka ya eneo la Kivu, na Ruzizi ukathibitishwa kuwa mstari kati ya tawala mbili. Mwaka 1916, katikati ya vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Wabelgiji yalivuka mstari huo na kuiteka Ruanda-Urundi. Mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliunganisha utawala wa Ruanda-Urundi na ule wa Kongo. Kwa hiyo Uvira na Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo, zilikuwa chini ya bwana mmoja.

Lakini kuwa chini ya bwana mmoja hakukuleta mwendo huru. Katika Kongo ya Wabelgiji, mwananchi aliyetaka kutoka eneo la shefu wake kwa muda mrefu alihitaji ruhusa iliyoandikwa. Papo hapo serikali iliamua alime nini. Mihogo iliamriwa kuwa kinga ya njaa, na pamba ikaamriwa katika bonde la Ruzizi kwa ajili ya viwanda. Mihogo ilibaki, na leo ndiyo bugali ya Uvira. Pamba, lakini, hailiwi. Mkulima aliyelazimishwa kukaa kwenye pamba, asiyeweza kuondoka bila ruhusa kwenda kutafuta kazi kwingine, alijua mapema kwamba anayekushika mguu amekushika na tumbo.

Wakimbizi waliopewa shamba

Uhuru ulipokuja, Kongo mwaka 1960 na Burundi mwaka 1962, Ruzizi ukawa mpaka wa nchi mbili zenye bendera mbili. Haukukaa muda mrefu kabla ya kuvukwa na watu wanaokimbia. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba, upande huu wakiongozwa na Gaston Soumialot, waliiteka Uvira, na familia zikavuka kwenda Burundi na ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1972 safari iligeuka: mauaji makubwa ya Burundi yaliwaleta Warundi katika bonde la Ruzizi upande wa Zaire, na wengine wengi zaidi wakaingia Tanzania.

Kilichofanyika Tanzania wakati huo kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu kinatoa kipimo cha yote yaliyofuata. Serikali ya Julius Nyerere haikuwaweka Warundi hao katika kambi za kungojea msaada. Iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu na Katumba yalianza mwaka 1972, na Mishamo mwaka 1978. Familia ilikatiwa sehemu ya msitu, ikafyeka, ikajenga na kulima.

Hawakuwa huru kabisa. Sheria ya wakimbizi ya wakati huo iliwataka waombe kibali kabla ya kutoka katika makazi. Ila shamba lilikuwepo, na mnunuzi wa mazao alikuwepo. Baada ya miaka michache msaada wa chakula uliacha kuhitajika. Mahindi, maharagi, mihogo na tumbaku vikaanza kutoka humo kwenda kulisha na kutajirisha mikoa ya Tanzania yenyewe. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, Tanzania iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao na watoto wao. Watu waliofika na mafurushi wakawa wakulima wa taifa.

Upande wa magharibi pia kulikuwa na juhudi ya kulegeza mpaka. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CEPGL. Karatasi yake ya kusafiria ilimwezesha mtu wa Uvira kufika Bujumbura bila pasipoti. Kwa wachuuzi wa samaki na mboga, hiyo ilikuwa na maana kuliko hotuba nyingi za marais.

Uvira inapokea, kisha Uvira inakimbia

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na Warundi wakavuka tena Ruzizi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, Wanyarwanda nao wakaingia. Kambi zikajaa bonde lote: Kagunga, Runingu, Luberizi, Lubarika, Kamanyola na nyingine. Eneo la Uvira peke yake lilikuwa na zaidi ya wakimbizi 200,000. Wazee wa bonde wanaukumbuka wakati huo kwa mambo mawili yaliyokwenda pamoja: mahindi ya msaada yaliyouzwa sokoni, na kuni zilizoadimika.

Agosti 1995 serikali ya Zaire iliamua kuwarudisha wakimbizi kwa nguvu. Kwa siku chache, kuanzia tarehe 19, askari waliwavusha watu kama 15,000 kutoka pande za Goma, Bukavu na Uvira. Wengine wengi zaidi walitoroka kambini wakajificha vilimani ili wasikamatwe. Hapo likaonekana jambo ambalo lingerudi mara nyingi baadaye: chakula kilikuwa kwenye ghala ya kambi, lakini mlaji alikuwa porini. Hakuna aliyetoa amri ya kuwanyima chakula. Woga wa kukamatwa ulitosha.

Februari 1996 mbinu ilibadilika. Katika kambi ya Kibumba, karibu na Goma, askari waliizingira kambi, wakafunga maduka na masoko yake, na kuwazuia watu kutoka, nia ikiwa kuwachosha mpaka wakubali kurudi kwao. Safari hii kufunga soko hakukuwa matokeo ya sheria, kulikuwa ndiyo njia yenyewe.

Wakati huo huo swali la karatasi liligeuzwa dhidi ya wakaaji wa ndani. Sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilikuwa imewaacha watu wengi wa Kivu wakiwa na mashaka juu ya haki yao ya kuitwa Wazaire. Oktoba 1996 mamlaka ya Kivu Kusini ilitangaza kwamba Wanyamulenge waondoke nchini. Siku chache baadaye vita vya AFDL viliingia Uvira. Kambi zikasambaratika, raia wa kila kabila wakakimbia kila upande, na kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilicholisha familia nyingi za bonde kwa mishahara yake, kikasimama.

Tangu hapo, miaka ya vita ilipofunga njia kati ya milima na bonde, hesabu imekuwa ile ile kwa Mnyamulenge, Mfuliiru, Mvira, Mnyindu na Mbembe. Mwenye ng'ombe anayeogopa kushuka hawezi kumfikia mnunuzi, na ng'ombe wake anashuka bei. Mwenye unga na chumvi anayeogopa kupanda anabaki na mzigo bondeni, na chumvi milimani inapanda bei. Kizuizi kimoja njiani, chenye mtu anayeuliza "wewe ni wa wapi?", kinatosha kuharibu masoko mawili kwa siku moja.

Nyarugusu: chakula kipo, soko limefungwa

Waliokimbia Uvira na Fizi kwa mitumbwi na meli mwaka 1996 walitua Kigoma. Novemba mwaka huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili yao. Mwaka 1997 ikafuata Lugufu, ambayo ilifungwa mwaka 2009 na watu wake wengi wakahamishiwa Nyarugusu. Kuna watoto wengi wa Kivu Kusini ambao hawajawahi kuliona ziwa kutokea upande wa Uvira, kwa kuwa walizaliwa na kukua huko.

Tanzania waliyoikuta haikuwa ile ya 1972. Mwishoni mwa 1997 jeshi lilipita vijijini karibu na mpaka, likawakusanya wageni na kuwapeleka kambini. Kati yao walikuwamo watu walioishi vijijini humo kwa miaka, wenye wake na waume wa Kitanzania, wenye mashamba yaliyokuwa hayajavunwa. Mwaka 1998 ikaja sheria mpya ya wakimbizi: kila mkimbizi akae katika eneo lililotengwa, na kutoka bila kibali ni kosa. Kwa muda mrefu mpaka uliozoeleka ulikuwa kilometa nne kutoka kambini. Baadaye hata hizo nne zikawa za kuombea.

Ili kuelewa uzito wake, inabidi kutazama kilicho ndani ya mfuko wa msaada. PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hupima mgao kamili kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mgao wenyewe ni unga wa mahindi, maharagi au njegere, mafuta na chumvi. Ndani yake hamna samaki, hamna sombe wala lengalenga, hamna matomati, na hamna unga wa mihogo, ambao ndio chakula cha mtu wa Uvira na Fizi. Kwa hiyo tangu mwanzo wakimbizi walifanya biashara. Mama aliuza sehemu ya mahindi, akanunua mihogo na ndakala. Kijana alikwenda kulima kibarua kwa mkulima wa Kasulu, akalipwa muhogo au pesa. Soko la pamoja, lililokutanisha wakimbizi na wanakijiji wa Tanzania, ndilo lililougeuza mfuko wa msaada kuwa chakula cha kweli.

Mwaka 2013 Tanzania iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya magharibi, na makumi ya maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu wakaondolewa nchini. Mwaka 2015 Warundi wapya waliingia, na Nyarugusu ikabeba zaidi ya watu 150,000. Desemba 2016 PAM ilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu pesa badala ya chakula, ili kila mtu anunue anachokula. Wauzaji wa Kitanzania nao walifaidika. Lakini mwaka 2017 serikali iliusimamisha mpango huo. Mwaka huo huo, kwa uhaba wa fedha, mgao wa chakula ulishuka mpaka karibu theluthi mbili ya unaotakiwa. Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliolenga kuwapa wakimbizi nafasi ya kujitegemea, na katika mwaka huo na uliofuata masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yakafungwa au kubanwa.

Hayo yote yakakutana kwenye chungu kimoja. Mgao ulipungua wakati mlango wa kutafuta nyongeza ulipofungwa. Aliyetoka kutafuta kuni au kibarua bila kibali alijitia hatarini kukamatwa, na wanawake walijitia hatarini zaidi, kwa kuwa msituni wengi walishambuliwa. Mkulima wa Kasulu aliyezoea kuuza ndizi na mihogo kwa wakimbizi alipoteza wateja, naye hakuwa mkimbizi wala mgeni.

Nchi ni moja, ya 1972 na ya 2018, na wakimbizi ni majirani wale wale wa ziwa. Wa kwanza walipewa shamba na soko, wakaacha kulishwa. Wa pili walinyimwa vyote viwili, wakaendelea kulishwa kwa mgao unaopungua, na kulaumiwa kwamba ni mzigo.

Kamanyola: chakula kilichotaka alama ya kidole

Kongo nayo ina ukurasa wake. Kuanzia 2015 Warundi wengi walikimbilia Kivu Kusini. Wengi walipelekwa Lusenda, kando ya ziwa katika teritware ya Fizi, na mwaka 2018 eneo la Mulongwe likafunguliwa huko huko Fizi. Lakini kikundi kimoja kilibaki Kamanyola. Hao walikuwa waumini wa mwanamke mmoja wa Burundi anayesema alitokewa na Bikira Maria, na kwa imani yao walikataa kuandikishwa kwa mashine ya alama za vidole.

Asiyeandikishwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hana kadi ya mgao. Kwa hiyo watu hao waliishi kwa vibarua mashambani na kwa biashara ndogo. Tarehe 15 Septemba 2017, baada ya wachache wao kukamatwa na habari kuenea kwamba watarudishwa Burundi, walikusanyika kudai waachiliwe. Askari wa Kongo walifyatua risasi, na zaidi ya wakimbizi 30 wakafa. Machi 2018 karibu 2,500 kati yao walivuka kwenda Rwanda, nako wakakutana na sharti lile lile la kuandikishwa. Wengi waliishia kurudishwa Burundi.

Kisa cha Kamanyola hakimaanishi kwamba kuandikisha wakimbizi ni kosa. Bila orodha, mgao hauwezi kugawanywa kwa haki. Kinaonyesha tu jinsi kadi moja inavyobeba mambo mawili. Kwa shirika ni kadi ya chakula. Kwa anayeogopa kufukuzwa ni karatasi inayomwambia askari yuko wapi. Mtu akiogopa upande mmoja wa kadi, anapoteza na upande wa pili.

Gatumba, Cibitoke, Musenyi

Burundi nayo imekuwa ikipokea. Juni 2004, baada ya mapigano ya Bukavu, maelfu ya Wakongomani walivuka, na baadhi yao, wengi wakiwa Wanyamulenge, wakawekwa Gatumba, hatua chache tu kutoka mpakani. Walikaa karibu kwa sababu walitaka kurudi upesi kwa mashamba na mifugo yao. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ilishambuliwa na watu zaidi ya 150 wakauawa. FNL ya Burundi ilijitangaza kuhusika.

Baada ya hapo kambi za Wakongomani zilipelekwa mbali na mpaka, ndani ya Burundi: Gasorwe, Musasa, na baadaye Bwagiriza na Kavumu. Kwa usalama, uamuzi huo ulikuwa na sababu iliyoandikwa kwa damu. Kwa chakula, ulikuwa na gharama yake. Mkimbizi wa Gatumba aliweza kusikia bei ya Uvira na kutuma mtu shambani. Mkimbizi wa Ruyigi au Cankuzo hana shamba karibu, hana ziwa, na akitaka kutoka kambini anahitaji kibali.

Machi 2020, kwa ajili ya korona, mpaka wa Kavimvira na Gatumba ulifungwa, na kufungwa huko kukapita mwaka mzima. Malori ya bidhaa yaliendelea kupewa njia. Aliyesimamishwa ni mtu wa miguu, yaani mama wa beseni. Mtaji wa biashara yake ni wa siku moja: akikaa nyumbani juma moja, mtaji umeliwa.

Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na vita kusogea bondeni, makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Cibitoke, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa kuogelea. Uwanja wa mpira wa Rugombo ukawa makazi. Wengi walihamishiwa Musenyi, kusini mwa Burundi, mbali na mto. Mwaka huo huo PAM ilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Burundi, kwa sababu walaji waliongezeka na fedha zikapungua. Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, watu wakavuka tena kwa makumi ya maelfu. Waliovuka wakiwa na unga wa siku mbili walijikuta kwa majuma mengi katika maeneo ambayo hawaruhusiwi kutoka kwenda kutafuta kibarua.

Hata ng'ambo ya bahari

Baadhi ya manusura wa Gatumba walipelekwa Marekani kuanzia 2007, na baada yao Wakongomani wengi kutoka kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Familia nyingi za Uvira na Fizi zinaishi kwa kusaidiwa na ndugu hao. Huko hakuna kilometa nne wala jeto, lakini karatasi na chakula vinaendelea kufuatana.

Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilianza kutumia kanuni iliyohesabu msaada wa chakula dhidi ya mhamiaji anayeomba makao ya kudumu. Wakimbizi hawakuguswa na kanuni hiyo, na mwaka 2021 iliondolewa. Hata hivyo wahamiaji wengi waliacha kuomba msaada huo, hata kwa ajili ya watoto waliozaliwa huko wenye haki kamili, kwa kuogopa jina lao kuonekana. Julai 2025 sheria mpya ya Marekani ilikwenda mbali zaidi: mkimbizi ambaye bado hajapata kadi ya makao ya kudumu aliondolewa katika mpango wa msaada wa chakula wa serikali kuu. Ndugu akibanwa huko, pesa iliyokuwa inafika Uvira mwisho wa mwezi inabaki huko kununua mkate.

Kinachobaki mkononi

Historia hii haisemi kwamba mipaka iachwe wazi. Watu wa Uvira wanajua kuliko wengi nini kinaweza kuvuka usiku na bunduki. Waliouawa Gatumba walikuwa karibu mno na mpaka, na hakuna anayeweza kuwaambia jamaa zao kwamba usalama ni jambo dogo.

Inachoonyesha ni kwamba kati ya kufunga na kufungua kuna mambo madogo mengi, na hayo ndiyo yanayoamua kama watu watakula. Kibali cha kutoka kambini kinaweza kutolewa kwa siku moja ya kibarua, au kisitolewe kabisa. Siku ya soko la pamoja inaweza kulindwa na polisi, au kufutwa. Kadi ya mgao inaweza kutenganishwa na orodha ya kufukuzwa, mtu akaambiwa hivyo waziwazi kwa lugha yake. Mpaka unapofungwa kwa ugonjwa au vita, mtu wa miguu anaweza kupewa saa mbili za asubuhi kama lori linavyopewa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji ghala jipya la chakula.

Mishamo na Katumba yapo mpaka leo, na mahindi yanalimwa humo na watu ambao wazazi wao walifika wakiwa wakimbizi. Kavimvira pia ipo, na kizuizi chake. Kesho kabla ya jua kutoka akina mama watakuwa wamejipanga hapo, na kiasi cha unga kitakachopimwa jioni katika nyumba za Uvira kitategemea, kama ilivyokuwa kwa babu zao, neno la mtu aliyesimama kwenye kizuizi.